Behewa la zamani likianza kusumbua

Mtu akipata behewa la zamani la kubebea watalii, huanza na rangi. Awe amelipata Mbeya, Makambako au Tunduma, swali ni lile lile: fundi, tulipake kijani na krimu, au jekundu kama yale ya kale? Mimi humrudishia langu: limelala nje masika mangapi? Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, na upande wa Rungwe haina hata adabu ya kufuata kalenda. Behewa lililosimama njia ya pembeni misimu mitano limekunywa maji, na maji hayo utakutana nayo sakafuni, mlangoni, ndani ya rangi na hata kwenye nyaya.

Dalili nimezipanga jinsi watu wanavyoniletea, si kwa ukubwa wa hatari. Chini ya kila moja, kisababishi kinachojirudia zaidi kimetangulia.

Kabla hujashika spana

Pima upana kati ya magurudumu kabla hujalipia kitu. Reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni ya vidole vinne tu, lakini behewa la Tabora halikanyagi reli ya Mbeya mpaka libadilishiwe vigari vyake vya magurudumu. Behewa kutoka Zambia, Zimbabwe au Afrika Kusini linakuja kwa miguu yake, kwani huko upana ni huo huo wa 1,067. Ndiyo maana treni ya kitalii ya Rovos Rail imeweza kutoka Cape Town mpaka Dar es Salaam.

Angalizo la lugha: abiria huita behewa zima "bogi". Humu bogi ni kigari cha magurudumu kilicho chini ya behewa, na behewa la kawaida lina viwili, kila kimoja na ekseli mbili, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu mawili mawili.

Pili, jua breki zako ni za hewa iliyoshindiliwa au za vakyumu, yaani za kufyonza hewa. Mifumo hiyo miwili haizungumzi. Uliza karakana ya njia unayotaka kupita kabla hujatia sahihi, si baada.

Tatu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu kila mara unapoingia chini. Njia ya pembeni inayoonekana tambarare kwa macho si tambarare kwa behewa la tani thelathini na zaidi.

Maji yanadondoka ndani

Kosa la kila mtu ni kupanda juu na ndoo ya lami na kupaka pale juu ya tone. Tone haliangukii chini ya tundu. Maji huingia sehemu moja, yanatambaa juu ya dari kufuata ubavu wa chuma, yanateremka mita tatu mbele.

Anza na madirisha. Kioo cha kushusha huingia kwenye mfuko ndani ya ukuta, na chini ya mfuko huo kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, mfuko hujaa kama ndoo na maji hurudi ndani. Kazi yangu ya kwanza ya behewa la chakula niliipoteza hapo. Mwenye mali alikuwa ameshatandika vitambaa vyeupe mezani kwa ajili ya kupiga picha, mvua ikapiga usiku, asubuhi kila kitambaa upande wa kushoto kina mchirizi wa rangi ya chai. Nikatumia siku mbili juu ya paa bila kuona kitu. Mzee mmoja mstaafu wa karakana akapita, nikamwamkia, akasema, "Mwanangu, shuka huko. Lete waya wa baiskeli." Akauchomeka kwenye kitundu chini ya dirisha la tatu, akazungusha, kikatoka kipande cha udongo mkavu chenye umbo la kidole. Nyumba ya dondora. Kikafuata kingine. Nyuma yake yakatoka maji meusi karibu lita tano.

Kwa hiyo: zibua vitundu vyote kwanza, hiyo ni kazi ya nusu siku na waya. Kisha tazama mpira wa dirisha. Ukiubonyeza kwa kucha ukabaki na alama au ukakatika, umekufa, badilisha wote. Silikoni juu ya mpira uliokufa hudumu mpaka mvua ya pili. Baada ya hapo ndipo upande juu: vipumulio vya paa, matako ya mabomba ya tangi la maji, na mwisho kabisa maungio ya mabati ya paa.

Ukipima kwa bomba la maji, mwagia kutoka chini kwenda juu. Mwagia chini ya dirisha dakika kumi, mwenzio akiwa ndani na tochi. Kukiwa kukavu, panda hatua moja. Ukianza juu, maji yatapita kila tundu kwa pamoja na hutajua ni lipi lenye hatia.

*Simama hapa:* ukifungua dari au ukuta ukakuta kitu cha kijivu au cheupe chenye nyuzinyuzi, kilichopuliziwa kwenye chuma au kuviringishwa kwenye mabomba, usikiguse, usikifagie, usikipulizie hewa. Mabehewa mengi ya miaka ya 1950 hadi 1970 yaliwekewa asibesto kuzuia joto na moto, na vumbi lake huua polepole, miaka mingi baada ya kazi kwisha. Toa watu nje, funga milango, waone OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na NEMC, baraza la mazingira, wakuelekeze mtu mwenye ruhusa ya kuiondoa. Barakoa ya kitambaa haikusaidii chochote.

Sakafu inabonyea

Mara nyingi ni mlangoni na karibu na choo. Vua viatu, utembee na soksi; mguu unasikia kabla ya jicho. Kisha gonga kwa kitako cha nyundo kila shibiri. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, iliyooza humeza sauti.

Kisababishi cha kwanza ni maji ya juu, yaani mlango usiofunga vizuri au bomba la choo linalovuja taratibu. Cha pili ni kiraka cha zamani: mtu aliwahi kung'oa mninga akaweka mbao ya msindano kutoka Sao Hill bila dawa. Sina ugomvi na msindano wa Mufindi, nyumba yangu imeezekwa kwa huo. Lakini msindano mbichi juu ya chuma chenye unyevu hauvuki masika mawili. Ukirudisha, rudisha mninga uliokauka au msindano uliotiwa dawa kwa shinikizo, upake miisho yote uliyoikata, maana pale msumeno ulipopita dawa haipo. Cha tatu, na hiki ndicho kinachouma, ni chuma chenyewe chini ya mbao.

Ukishatoa mbao, chukua bisibisi butu ukandamize boriti ya pembeni, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Kutu ya juujuu itabanduka kama maganda na chini utakuta chuma kigumu. Hiyo kwaruza, paka praima, endelea.

*Simama hapa:* bisibisi ikipenya, au kutu ikiwa imefika kwenye boriti la katikati, kwenye kiti kinachokalia bogi, au kwenye sehemu ya kuunganishia mabehewa, kazi imetoka mikononi mwako. Welda wa mageti wa mtaani anaweza kuziba tundu lile likapendeza, lakini boriti hiyo inavuta uzito wa treni nzima iliyo nyuma yake. Inahitaji mhandisi wa mabehewa, welda mwenye cheti na vipimo vya nyufa. Nimeona kiraka cha bati kimechomelewa juu ya boriti lililooza na kupakwa rangi mbili. Kilikuwa kizuri kweli.

Milango inakwama, madirisha hayashuki

Usikimbilie randa. Kama ni Februari, mbao imevimba. Subiri Agosti uone. Watu huranda mlango masika, ukifika kiangazi upepo wa Makambako unapita kwenye mwanya huo na wageni wanajifunika mashuka.

Kama mlango unakwama kiangazi pia, tazama bawaba, halafu kizingiti kilichoinuliwa na kutu. Halafu weka pima maji sakafuni, na nyingine juu ya reli yenyewe. Mara nyingine behewa halina kosa, ni njia ya pembeni iliyozama upande mmoja na kulipinda kidogo. Lisogeze mita ishirini ujaribu mlango tena. Ukifunguka bila shida, umejiokolea gharama.

Ukikwama palepale, funga kamba ya fundi mwashi kutoka mwisho mmoja wa behewa hadi mwingine, usawa wa chini ya madirisha, uivute sana. Pima kutoka kamba kwenda chini mpaka ukingo wa chini wa ubavu wa behewa, mwanzoni, katikati na mwishoni. Mabehewa mengi yalijengwa yakiwa yamenyanyuka kidogo katikati makusudi. Ukikuta katikati kumezama chini ya miisho, mlango si tatizo lako tena. Mgongo umelegea. Usilinyanyue na jeki kulinyoosha. Mwite mhandisi.

Rangi inatoa malengelenge

Kata lengelenge moja kwa wembe utazame ndani. Kuna maji, kuna kutu, au kuna rangi ya zamani inayonata: hayo ni majibu matatu tofauti.

Maji ndiyo jibu la kawaida huku kwetu, na hayatoki mvuani. Mbeya Juni na Julai, asubuhi chuma cha behewa ni baridi kuliko hewa inayokizunguka, na kinatoa jasho jembamba usiloliona. Ukipaka saa mbili asubuhi umepaka juu ya maji. Pangusa sehemu kwa kitambaa chenye unyevu. Isipokauka ndani ya robo saa, nenda ukanywe chai. Mimi hupaka kati ya saa nne na saa tisa, na upande wa jua kwanza.

Kutu chini ya lengelenge maana yake msasa ulipita juu yake ukaiacha kwenye vishimo. Brashi ya waya haifiki mle. Ni mchanga wa kupuliza au dawa ya kutu na uvumilivu. Rangi inayonata imelainishwa na kiyeyushi kikali cha rangi mpya. Jaribu siku zote kwenye sehemu ndogo ya behewa, ukubwa wa kitambaa cha mkono, usubiri wiki.

Usikwaruze rangi ya zamani ikiwa kavu. Tabaka za chini huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowanisha, kusanya mabaki kwenye mfuko, na watoto wa jirani wasiokote vipande.

Breki zinashika au haziachii

Sehemu hii nitakaa nayo, maana njia yenyewe haina msamaha. Kati ya Makambako na Mlimba treni inateremka ukuta wa Nyanda za Juu kwa mahandaki 18 na madaraja 46. Huko si mahali pa kujifunza.

Jambo la kwanza ni la aibu: breki ya mkono. Nenda pande zote mbili, zungusha mpaka mwisho, kisha ingia chini uone kwa macho kama vipande vya breki vimeachana na gurudumu. Mnyororo unaweza kukwama juu ukidhani umeachia.

La pili ni fito na pini zilizokauka. Behewa likisimama miaka, pini hugandana na matundu yake. Nyundo ndogo, mafuta ya kupenya, siku nzima ya kusubiri, tena mafuta. Usitumie moto wa gesi karibu na mipira.

La tatu ni silinda yenyewe: mpira wa ndani umekauka na hauteremki. Huo haukarabatiwi kwa gundi ya viatu. Nimeombwa.

La nne ni la kwetu sisi tu, na limewasumbua mafundi wa pwani. Breki za vakyumu hufanya kazi kwa kufyonza hewa, kwa hiyo nguvu zake zinakopa kwenye uzito wa hewa ya mahali ulipo. Usawa wa bahari hewa inasukuma zebaki karibu inchi 30. Pale Uyole, mahali pa juu kuliko pote kwenye njia hii, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari, ni kama inchi 24 tu. Fundi aliyezoea kuona mshale wa geji ukipanda kwa urahisi hadi 21 anafika Mbeya, mshale unasuasua saa nzima, anaanza kung'oa mabomba kutafuta tundu ambalo halipo. Kabla hujang'oa, funga njia ya hewa usimamishe pampu na kutazama geji: ikitulia, hakuna tundu, ni mwinuko, ikishuka haraka, tundu lipo. Kulipata usitumie povu la sabuni, kwani vakyumu inavuta ndani na povu halitoki. Washa ubani, pitisha moshi polepole kwenye kila ungio. Pale unaponyonywa ndipo.

Kinyume chake hutokea mkiteremka. Chumba cha silinda kilinyonywa huko juu, kwenye hewa nyepesi. Mkifika chini hewa ni nzito, na vakyumu ile ile kwenye geji haitoshi tena kukilinganisha. Breki zinaanza kushika zenyewe bila mtu kugusa kitu. Dawa ni kusimama na kuvuta kamba ya kuachia ya kila behewa ili chumba kisawazike, kisha kunyonya upya. Kuongeza nguvu za kichwa cha treni ili kuburuta ni kuchoma magurudumu.

*Simama hapa:* kupima breki kabla ya safari si kazi ya mrekebishaji. Hata kama silinda umeifungua na kuifunga wewe, hati ya breki inatolewa na wahusika wa reli, na behewa la abiria haliingii njia kuu bila taratibu za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Nami nashukuru kwamba ni hivyo.

Boksi la ekseli linapata moto

Behewa lina maboksi manane, moja kila mwisho wa ekseli. Baada ya kilomita kumi za majaribio, simama na uyazungukie yote kwa kipimajoto cha kulenga. Namba yenyewe haina maana kubwa kuliko ulinganisho: tafuta lile lililowaacha wenzake. Kama huna kifaa, sogeza kiganja polepole. Boksi usiloweza kulishika sekunde tatu lina neno.

Kwanza gusa hewa ya karibu na gurudumu. Gurudumu nalo likiwa la moto, rudi juu kwenye breki, boksi halina kosa.

Boksi la zamani lenye mafuta na pedi: fungua kifuniko uchovye kijiti. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, yamechanganyika na maji. Hiyo ndiyo hali ya karibu kila behewa lililolala. Mwaga, safisha, badilisha pedi, jaza mafuta sahihi. Pedi ikiwa imegeuka upande au imekauka ncha, ekseli inazunguka bila kulambwa, na hiyo ndiyo sababu ya pili. Ya tatu ni madini laini ya ndani kuliwa, na hapo ekseli lazima inyanyuliwe.

Boksi la beringi za kuzunguka usilifungue kabisa. Beringi zilizosimama mahali pamoja miaka hupata vishimo vya kutu ambavyo hutaviona bila kuzitoa kwa mashine. Grisi mpya juu ya vishimo ni kumpaka mgonjwa mafuta ya nazi.

*Simama hapa:* moshi, harufu ya kuungua, au rangi ya boksi kubadilika. Treni isimame, wageni washuke upande ulio salama, na usimwage maji baridi: ekseli yenye moto ikipoa ghafla inaweza kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Behewa halisogei tena hata kwa mwendo wa mguu mpaka fundi wa reli aseme.

Linagonga, linayumba

Mlio wa ta-ta-ta unaoongezeka na mwendo ni gurudumu lenye bapa, na bapa ni mtoto wa breki zilizoshika. Linachongwa kwenye mashine ya karakana, hakuna njia ya mkato. Kuyumba upande hadi upande kwa kawaida ni vikalio vya pembeni vya bogi vilivyokauka au kulika. Tazama kama pengo la kulia na la kushoto linalingana. Kudunda juu chini ni springi iliyokatika jani au vidhibiti vilivyoishiwa mafuta. Ukingo wa gurudumu ukiwa mwembamba na mkali kama kisu, usijadili, behewa libaki hapo.

Taa zinafifia

Vichwa vya betri vyenye ukungu wa kijani, mkanda wa dainamo uliolegea, waya wa kurudi uliofungwa kwenye bolti yenye kutu: kwa mpangilio huo. Ukishavimaliza, pima volti behewa likitembea na likisimama. Zikiwa sawa, dainamo haichaji.

Mzigo nao umebadilika. Nyaya hizi ziliwekwa kwa balbu ishirini, sasa tunadai friji, mashine ya kahawa na soketi ya simu kila kiti. Ukikuta fyuzi imebadilishwa na kipande cha waya au msumari, usiulize nani. Fuatilia waya wote huo mpaka mwisho, maana mahali fulani umeungua. Ganda la nyaya likimenyeka kama ngozi ya kitunguu, nyaya zote zinatoka, na fundi umeme mwenye leseni ndiye anayechora upya. Mbao kavu, mapazia na mitungi ya gesi ya jikoni haviwezi kukaa karibu na cheche.

Taa za dharura zijaribu usiku, mapazia yameshushwa, taa kubwa zimezimwa, watu wawili wakitembea kutoka choo cha nyuma hadi mlango wa mbele bila simu mkononi. Atakayejigonga akuonyeshe wapi, ongeza taa hapo. Mahandaki ya huko Mlimba yatawakuta wageni wamesimama na vikombe vya chai mkononi.